Yesu hakulia kwa kuigiza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua hapa watu huwa wanaandika mambo ya siasa na barabara ila mi nina jambo limenikaa kooni wiki kadhaa sasa na nimeshindwa kulimeza. Ni kuhusu ubinadamu wa Masihi. Wengine wataona ni ishu ya wasomi wa theolojia tu, lakini mimi nimeiona ikimuumiza mtu ninayempenda, kwa hiyo nitaiongea kama ninavyoielewa.

Mdogo wangu alifiwa na mtoto wake wa miaka sita. Siku ya mazishi amekaa mbele pale, mkononi ameshika kiatu kimoja cha mtoto, cha kushoto, kamba bado imefungwa mafundo mawili vile mtoto mwenyewe alivyokuwa anafunga. Alikuwa analia kwa sauti. Mhubiri akamgeukia akamwambia mama nyamaza, huku ni kukosa imani, na kuna mtu akajibu kwa sauti ya chini kwamba hata Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro. Mhubiri akasema Yesu hakulia kwa uchungu, yeye ni Mungu, alishajua anaenda kumfufua, alilia tu ili afanane na watu, alikuwa anatuonyesha. Mdogo wangu akanyamaza. Na tangu siku hiyo hajalia tena, amekauka, unaongea naye unaona kabisa kuna kitu amekifungia ndani.

Yule mhubiri simtaji na sina ugomvi naye, naamini alitaka kufariji. Ila alichosema si imani ya Wakristo, na si kwamba ni kosa jipya, ni kosa la zamani sana, la karne ya kwanza huko. Kulikuwa na watu walioitwa Wadoseti, jina linatoka kwenye neno la Kigiriki la kuonekana, wao walisema Kristo alionekana tu kama ana mwili, alionekana tu kama anateseka, yaani kiini macho. Ukisoma waraka wa kwanza wa Yohana sura ya 4 unaona kabisa anapambana na mafundisho ya namna hiyo, anasema kila roho ikiriyo kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili yatokana na Mungu. Kipimo alichoweka ni mwili! Alafu mwanzoni mwa karne ya pili kuna Ignasi, askofu wa Antiokia, anapelekwa Roma amefungwa minyororo akatupwe kwa wanyama wakali, akiwa njiani anawaandikia Wakristo wa Smirna kwamba kama Bwana aliyafanya yote hayo kwa kuonekana tu basi na mimi nimefungwa kwa kuonekana tu. Fikiria mtu anayeandika hivyo, pingu zinamkata mikono. Kwake hilo halikuwa somo la darasani, kama Yesu aliigiza mateso basi yeye anaenda kufa kweli kwa ajili ya maigizo.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna kitu hapa ambacho huwa hatukioni. Jina ambalo Yesu alijiita mwenyewe zaidi ya majina yote kwenye Injili ni Mwana wa Adamu. Petro alimwita Kristo, maana yake Masihi, mpakwa mafuta, na Yesu alikubali, lakini yeye mwenyewe akijitaja kila saa ni Mwana wa Adamu, Mwana wa Adamu. Sasa lisome haraka haraka: mwanadamu. Ndio hilo hilo, na binadamu pia ni hilo hilo. Najua kwenye kitabu cha Danieli sura ya 7 jina hilo lina utukufu wake, yule ajaye na mawingu, silipunguzi, ila lugha yetu imetuwekea mlangoni kabisa na sisi tunalipita tu.

Na kuna neno lingine, kuvaa. Tunapenda kusema Yesu alivaa mwili, alivaa ubinadamu. Sina shida sana na msemo huo, umetumika siku nyingi, ila nguo unaivaa na unaivua, na ndani ya nguo wewe unabaki vile vile. Injili ya Yohana haisemi alivaa. Inasema Neno, yaani Kristo mwenyewe, alifanyika mwili, akakaa kwetu. Na kwenye ile Imani ya Nisea inayosemwa kanisani, tunasema akawa mwanadamu, na Wakatoliki wakifika hapo wanainamisha kichwa, sikukuu ya Noeli wanapiga magoti kabisa. Huwezi kupigia magoti vazi.

Mstari ninaoupenda kuliko yote kwenye jambo hili si wa msalabani, ni Yohana 4:6. Yesu yuko Samaria, ametembea, na Biblia yetu ya Muungano inasema kwa sababu amechoka na safari yake akaketi vivi hivi kisimani, nayo ilikuwa yapata saa sita. Vivi hivi! Yaani alijibwaga tu. Hakuna kiti, hakuna mkeka, mtu amechoka miguu anakaa pale pale alipofika, na saa sita hiyo ni saa sita yetu sisi, jua la utosi, hatuhitaji hata kubadilisha masaa maana wao walihesabu kama tunavyohesabu. Alafu anaomba maji kwa mwanamke ambaye kwa desturi za watu wake hakutakiwa hata kuongea naye. Mtu anayeigiza kiu haombi maji pale ambapo kuomba kunamletea aibu, anayeomba hivyo koo lake limekauka. Na sura ya 19 akiwa msalabani anasema tena, naona kiu. Katikati hapo yupo kwenye chombo, Marko anasema alikuwa katika shetri, yaani nyuma ya chombo, amelala juu ya mto wa kulalia, dhoruba inapiga, maji yanaingia, yeye amelala mpaka wakamwamsha. Huo usingizi mi nauamini kama ninavyoamini muujiza uliofuata.

Sasa kuna watu watakubali mwili, watasema sawa, mwili alikuwa nao, ila akili na nafsi ilikuwa ya Kimungu tupu. Hilo nalo lilishatokea. Karne ya nne alikuwepo Apolinari, askofu wa Laodikia, alikuwa anapinga kwa nguvu zote Waario, wale waliokataa kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba, na alimpenda Kristo kwelikweli, ila akasema Neno ndio alikaa mahali pa akili ya kibinadamu. Gregori wa Nazianzo, askofu wa wakati huo huo, akamjibu kwa hoja ambayo nikiikumbuka huwa natulia: kisichotwaliwa hakikuponywa. Kama Kristo hakutwaa akili ya mwanadamu basi akili yetu imebaki bila kuponywa, na si ndipo tunapougua zaidi? Hofu iko wapi kama si kwenye akili, huzuni iko wapi? Mtaguso wa kwanza wa Konstantinopoli, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 381 ukakataa fundisho la Apolinari. Kwa hiyo Luka anaposema Yesu akazidi kuendelea katika hekima na kimo tusiogope, alijifunza kweli, alifundishwa kutembea na kuongea, na kwenye Marko 13:32 anasema siku ile au saa ile Mwana haijui, na wataalamu wameuzungukia mstari huo karne na karne lakini uko pale pale hakuna aliyeufuta.

Alafu kuna Gethsemane, ile bustani aliyoomba usiku wa kukamatwa, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. Marko anasema akaanza kufadhaika sana na kuhangaika, akawaambia wale wanafunzi watatu aliokwenda nao, roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa mkeshe. Aliomba watu wakae naye! Alafu anaomba kikombe kiondolewe, walakini si kama nitakavyo mimi. Karne ya saba wakubwa wa dola na wa kanisa pale Konstantinopoli walitaka isemwe Kristo alikuwa na utashi mmoja tu, yaani uwezo mmoja wa kutaka na kuamua, ule wa Kimungu, kwa sababu za siasa za kuunganisha watu. Mtawa mmoja, Maksimo, akakataa. Alisema pale bustanini kuna utashi wa kibinadamu unaotetemeka na unaokubali, ukiutoa huo basi hakuna mwanadamu hata mmoja aliyemwambia Mungu ndiyo kwa niaba yetu. Mzee wa miaka themanini na kitu, akakatwa ulimi na mkono wa kulia ili asiseme wala kuandika, akapelekwa uhamishoni akafia huko mwaka 662. Mtaguso wa mwaka 680 hadi 681 ukaja kusema alichosema yeye. Watu walitoa ulimi wao kwa ajili ya hofu ya Yesu kuwa hofu ya kweli, na sisi tunaitupa makaburini kirahisi tu eti alikuwa anatuonyesha.

Najua swali linalokuja. Je, si tunamshusha? Mimi naona ni kinyume. Mtaguso wa Nisea mwaka 325 ulishasema yeye ni sawa na Baba, na ule wa Kalsedonia mwaka 451 ukasema yote mawili kwa pamoja, sawa na Baba kwa Umungu, sawa na sisi kwa ubinadamu kasoro dhambi, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutengana. Ndugu zetu Wakopti wa Misri, Waethiopia na Waarmenia hawakuikubali Kalsedonia, ila tusije tukasema wao wanakataa ubinadamu wake, hapana, wanaukiri kamili, na mwaka 1973 Papa Paulo wa Sita na Papa Shenouda wa Tatu wa Wakopti walitia sahihi tamko la pamoja linalosema hivyo. Na majirani zetu Waislamu, ambao tunatofautiana nao kuhusu Umungu wake na hatufichi, Kurani yao Sura ya 5 aya ya 75 inasema Masihi na mama yake walikuwa wakila chakula. Kwao hiyo ni hoja kwamba yeye si Mungu. Mimi Mkristo nikiisoma nasema ndiyo alikula, alikula kweli, na ajabu yote ya imani yangu iko hapo hapo, kwamba aliyekula ndiye Neno. Anayemshusha ni yule anayesema Mungu hakuthubutu kufika mpaka kwenye njaa yetu, akaishia kuigiza.

Tena kwa kuwa ni Mungu machozi yake yana uzito. Mimi nikilia na mdogo wangu nafanya ninachoweza, ila naishia hapo. Waraka kwa Waebrania unasema hatuna kuhani mkuu asiyeweza kuchukuana nasi katika mambo yetu ya udhaifu. Kuchukuana, neno gani hilo jamani, ni kama watu wawili kwenye mzigo mmoja. Anachukuana nasi kwa sababu alijaribiwa sawasawa na sisi, si kwa sababu alisoma habari zetu.

Na kuna hili ambalo huwa halihubiriwi kabisa sijui kwa nini. Ubinadamu wake haukuisha. Wengi tunafikiri miaka thelathini na kitu alafu akarudi mbinguni kuwa roho kama zamani. Luka 24 anawaambia nishikeni-shikeni mwone, kwa kuwa roho haina mwili na mifupa kama mnavyoniona mimi kuwa nayo, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa akala mbele yao. Alama za misumari zilikuwepo. Na huo mwili ndio uliopaa. Paulo akimwandikia Timotheo miaka mingi baadaye anasema mpatanishi ni mmoja, Mwanadamu Kristo Yesu, na ubinadamu huo anautaja kama kitu kilichopo sasa hivi. Kwa hiyo leo, saa hii unaposoma gazeti, Mkristo anaamini mkono wa kuume wa Mungu kuna mwanadamu mwenye makovu.

Ninachoomba kwa wahubiri na makatekista wanaosoma ukurasa huu ni kitu kimoja tu, mkisimama mbele ya mtu aliyefiwa msimnyang'anye machozi kwa jina la Yesu. Pale Bethania, kijijini kwa Lazaro, alijua atamfufua, alishawaambia wanafunzi kabla hawajaondoka kwenda huko, na bado akaugua rohoni, akafadhaika. Kujua hakukumzuia. Na waliomwona akilia hawakusema anatuonyesha mfano, walisema angalieni jinsi alivyompenda.

Jumamosi iliyopita nilienda kwa mdogo wangu nikamsomea Yohana 11 yote, taratibu, kile kiatu kipo kwenye dirisha. Nilipofika mstari wa 35 akanishika mkono nisiendelee, akaniambia rudia. Nikarudia, Yesu akalia machozi. Akasema tena. Nilirudia mara nne, ya nne ilibidi anisomee yeye maana mimi sauti ilikuwa haitoki, na yeye analia.

Msomaji wenu wa siku nyingi.