Kwa nini gauni letu la hariri si jeupe kama karatasi

Kila kiangazi, hapa Lubumbashi, hatukosi familia inayoturudishia gauni la kukodi kabla ya siku ya harusi, ikidai kwamba limezeeka. Safari hii alikuja shangazi wa bibi harusi, akalitandaza mezani, akaweka kando yake shati la shule la mjukuu wake, kisha akatuuliza kama kweli hatuoni umanjano.

Tuliuona. Lakini gauni lile ni la hariri, na hariri kwa asili yake huwa na rangi ya krimu, ilhali shati lilikuwa la poliesta iliyotiwa dawa ya kung'arisha, ambayo hupokea miale ya jua tusiyoiona na kuirudisha kama mwanga wa buluu.

Hata gauni lililoeneza desturi ya kuolewa na nguo nyeupe halikuwa jeupe pepepe. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840, alivaa satini ya hariri ya rangi ya krimu, pamoja na lesi ya Honiton iliyotengenezwa kwa mkono huko Devon, akikusudia kuwapa kazi mafundi ambao mashine zilikuwa zikiwanyang'anya soko. Kabla yake wanawake wengi wa Ulaya waliolewa na nguo yao iliyo bora, ya buluu, ya kahawia au hata nyeusi, wakaivaa tena miaka mingi. (Mary Stuart, malkia wa Uskoti, alivaa nyeupe alipoolewa Paris mwaka 1558, ingawa kwa malkia wa Ufaransa hiyo ilikuwa rangi ya matanga.)

Tunawasihi wateja, basi, wasiguse hariri kwa Javel, yaani dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Klorini hula nyuzi zake na kuleta umanjano wa kweli, usiotoka tena. Vumbi jekundu la pindoni lipanguswe kwa brashi laini likiwa kavu, kwa maana likilowa huwa tope; na soda ikimwagika mtuambie siku hiyohiyo, kwani sukari haionekani leo, lakini hugeuka kahawia baada ya miezi.

Anayetaka weupe wa karatasi tunayo magauni ya poliesta, tena kwa bei nafuu. Ayatazame uani, mchana, si chini ya taa za duka. Shangazi yule alifanya hivyo, akachukua lile la hariri, akaomba tu tumbadilishie shela, maana ile ya kwanza ilikuwa nyeupe mno kando yake.