Dawa ikibadilishwa, mama aelezwe sababu

Ndugu Mhariri,

Juzi jirani yangu hapa Ujiji alirudi kutoka wodini, alikolazwa mjukuu wake kwa malaria kali, akiwa amekasirika. "Nesi, wamemchoma sindano tu. Dripu ya kwinini hakuna! Wanatubania." Alipouliza sababu alijibiwa kwamba mwongozo umebadilika, basi. Alikuwa anafunga khanga akamtoe mtoto, ampeleke mahali anapojua watamtundikia dripu. Nilimkalisha barazani hadi magharibi nikimweleza alichostahili kuelezwa kule kule wodini.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Dripu za kwinini nimezitundika miaka mingi, nikihesabu matone usiku kucha, nikichungulia kama sukari ya mtoto inashuka, na niliamini hakuna dawa inayoishinda. Kilichoniondoa kwenye imani hiyo ni hesabu. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, wakiwemo wa kwetu wa Muheza na Korogwe. Nani apate kwinini na nani sindano ya artesuneti iliamuliwa kwa bahati nasibu, ili daktari asipendelee. Makundi yalikuwa karibu sawa kwa idadi. Upande wa kwinini walifariki watoto 297, upande wa artesuneti 230. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti kwa watoto wa Afrika. Kwa hiyo aliyemchoma mjukuu wa jirani hakumbania. Alimpa dawa iliyo bora, na baada ya sindano mtoto humalizia dozi ya mseto, vidonge vyenye dawa mbili za malaria kwa pamoja.

Jambo la maji liliniuma zaidi. Mtoto akiletwa na homa kali, mikono ya baridi, anahema kwa shida, tulikuwa tunamiminia maji ya mshipa haraka haraka, na tulijivunia wepesi wetu. Utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapishwa 2011, ulionyesha kwamba kati ya waliomiminiwa hivyo, karibu 11 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa walikuwa 7. Watoto wa kuharisha hawakuwemo. Hao maji bado ndiyo uhai wao. Lakini wale wengine nawakumbuka kwa sura.

Watu wazima wa Kigoma wanaikumbuka klorokwini, dawa yetu ya malaria ya zamani, ilivyowasha mwili. Iliachwa 2001 kwa sababu vimelea vilishakuwa sugu. Ikaja SP (vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini), nayo ikachoka, na kuanzia mwishoni mwa 2006 tukaingia kwenye mseto. (SP haikutupwa yote; wajawazito bado wanaimeza kliniki kujikinga.) Mitaani nasikia watu wakisema madaktari wanababaisha, leo hii kesho ile. Hapana. Kilichobadilika ni kimelea, na walioendelea kupima ndio waliogundua. Malawi waliacha klorokwini 1993, na zaidi ya miaka kumi baadaye watafiti wakakuta inaponya tena kule, maana vimelea sugu vilikuwa vimetoweka. Hiyo isimtume mtu dukani kuitafuta.

Nasema haya sasa kwa sababu ya majirani zetu wa Kagera. Huko watafiti wamekuta vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, dawa iliyo ndani ya mseto. Kutoka Kagera hadi Kakonko ni kuvuka mpaka wa mkoa tu. Huenda siku moja mseto nao ukabadilishwa, na tukinyamaza kama tulivyonyamaza kwa kwinini, kina mama watafunga khanga na kuwatoa watoto wodini.

Nawaomba waganga wafawidhi na wauguzi wenzangu walioko kazini: asubuhi ya kliniki, kina mama wakiwa wamepanga foleni ya mizani, wapeni sababu pamoja na namba zake. Msiogope kwamba hawataelewa. Mama anayeuza dagaa pale Kibirizi hahitaji kufundishwa tofauti ya 297 na 230.

Mjukuu wa jirani ameruhusiwa, anacheza uwanjani kwangu. Bibi yake bado ananiuliza: "Sasa kwa nini hawakuniambia?"

Muuguzi mstaafu,
Ujiji, Kigoma