Picha za Harrison Begay

Phoenix, Arizona

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila joto linatutesa. Natumai mama na watoto hawajambo, na darasa lako la uchoraji linaendelea.

Juzi nilikwenda makumbusho nikakuta picha za Harrison Begay, mchoraji wa Kinavajo, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, aliyefariki 2012, nikakukumbuka papo hapo. Kuna moja ya mwanamke anayefuma blanketi. Amekaa chini, miguu kaikunja, kitanda cha kufumia kimesimama wima mbele yake. Nywele kazifunga kisogoni kwa uzi mweupe wa sufu, blauzi ya mahameli, mkanda wa fedha kiunoni. Mbingu hakuna, kivuli hakuna, na ardhi yenyewe ni vishungi viwili vitatu vya majani. Lakini nyuzi za blanketi, ukitaka, utazihesabu!

Mtindo huo aliupata Santa Fe, katika shule ya bweni ya serikali, ambako mwalimu Dorothy Dunn alianzisha darasa la uchoraji mwaka 1932. Wapo wanaomlaumu kwamba aliwafunga vijana kwenye namna moja tu ya kuchora, na mimi naona wana haki. Ila shule kama hizo zamani ziliwakataza watoto hata kusema lugha yao. Hapa angalau waliambiwa wachore ya kwao: kuchunga, kuvuna mahindi, kufuma.

Kilichonigusa hasa ni kondoo. Miaka hiyohiyo ya 1930 serikali ilisema malisho yameharibika, ikawalazimisha Wanavajo kupunguza mifugo. Mbuzi na kondoo wengi walipigwa risasi, mizoga ikaachwa ioze makorongoni. Na kwao mifugo hiyo mingi ilikuwa mali ya wanawake; sufu ndiyo blanketi, na blanketi ndiyo unga na sukari dukani. Kwa hiyo kijana wa wakati ule akichora kundi la kondoo na mama yuko nyuma yao na fimbo, mimi siwezi kuiita picha ya kupendeza tu. Alikuwa anachora riziki iliyokuwa ikiondoka nyumbani kwao.

Gerald Nailor, naye wa darasa lile la Santa Fe, alichora historia ya watu wake kwenye kuta za ukumbi wa baraza lao kule Window Rock, 1942 hadi 1943. Nimeazimia kwenda kuziona.

Nimempa kaka nakala mbili akuletee. Wape wanafunzi wako wazitazame kabla hujawaeleza lolote, kisha uniandikie wameona nini.

Wako,
Mwanaisha