Wafundisheni ratiba kwa penseli kwanza

Mhariri,

Mimi ni msimamizi wa ujenzi, na hupokea vijana wa mafunzo kwa vitendo. Wanakuja na ratiba za ujenzi zilizochorwa kwa programu ya kompyuta, rangi tele. Ukiwauliza kwa nini kazi fulani imepewa siku saba, wanatazamana.

Chukua zege la sakafu ya ghorofa. Kabla halijamwagwa, fundi bomba na fundi umeme wawe wameshalaza mabomba yao kwenye nondo. Ukiwapanga baadaye, zege jipya litatobolewa. Kisha kuna kusubiri zege likomae. Nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa kwa kigezo cha siku 28, na mirunda, yaani miti inayolishikilia kwa chini, haitolewi eti kwa kuwa mwenye jengo ana haraka. Muda huo hauna kibarua wala mashine, ndiyo maana wanafunzi huuruka, ilhali ndio unaoweza kuamua siku ya kukabidhi jengo.

Hesabu ya kutafuta mnyororo wa kazi ambazo moja ikichelewa mradi wote unachelewa ilibuniwa Marekani miaka ya 1950. Kwa nyumba ndogo, penseli inatosha kuifanya. Walimu waanzie hapo, programu ifuate.

Na kabla ya kuandika siku, mwanafunzi amuulize mwashi hujenga matofali mangapi kwa kutwa. Kisha akae pembeni ayahesabu mwenyewe, maana sisi mafundi kwa kujisifu hatujambo.

Msimamizi wa ujenzi