Kwa kasisi wetu aliyenuna

Morogoro, Jumapili usiku

Swahiba wangu,

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza yote, dakika saba nzima, mpaka pale ulipoishiwa na pumzi ukaanza kunywa chai. Umesema nimekuonea kwenye mchezo wetu wa kuigiza hadithi kwa dadu, wewe ukiwa kasisi na mimi msimulizi. Umesema haiwezekani kasisi anayeponya kwa kugusa aondoke kijijini akiacha watu thelathini na kitu wanapapasa kuta, na kwamba dunia yenye watu wa mikono ya namna hiyo ingekuwa imemaliza magonjwa zamani. Nilitaka nikujibu kwa sauti nami, lakini mambo haya yana hesabu, na hesabu ya kusikiliza huku mtu anakaanga vitunguu haiingii. Ndiyo maana nimekaa naandika.

Nianze na lililokuudhi zaidi. Ulimshika kichwani mtoto wa mwenye kinu, ukatumia uganga wa Cure Wounds, mimi nikakuambia macho yake yako vilevile. Ukanitazama kama nimekuibia. Lakini ndivyo Dungeons & Dragons ilivyoandikwa, si roho yangu mbaya. Cure Wounds inarudisha pointi za uhai, basi. Unarusha dadu ya pande nane, unaongeza pointi za uwezo wako, kidonda kinafumba. Ugonjwa haukai kwenye pointi za uhai. Mtu anaweza kuwa nazo zote kamili na bado macho yanamtoka damu. Kinachoung'oa ni Lesser Restoration, ambayo ni uganga wa daraja la pili, na kasisi wa levo ya 3 ana nafasi mbili tu za kufanya uganga wa daraja hilo mpaka alale usiku mzima. Wagonjwa walikuwa 40. Hata asingeongezeka mmoja, ungekaa pale siku 20: unaamka, unagusa wawili, unasubiri kulala tena.

Na walikuwa wanaongezeka.

Ugonjwa wenyewe kitabuni unaitwa Sight Rot. Mimi nauita uozo wa macho. Unaingia kwa kunywa maji machafu. Ukinywa, unarusha dadu ya pande ishirini kujinusuru, na ukiongeza nguvu ya mwili wako usipofikisha 15, umeupata. Hauonekani papo hapo. Siku moja inapita kwanza, ndipo macho yanaanza kuwa na ukungu, na kila unapoamka unapungukiwa pointi moja kwenye kila jambo linalohitaji kuona. Zikifika tano, umepofuka. Yule muuza samaki aliyekuambia anaona kama yuko jikoni kwenye moshi alikuwa bado na siku mbili. Ulimuuliza amekula nini, ukamuuliza amelala na nani, ukamuuliza kama ana maadui. Alikokunywa maji hukumuuliza.

Sikulaumu, kwa sababu mlikuwa mmekwisha kukitoa kisima kwenye orodha ya vyanzo vya ugonjwa, na hapo ndipo penye kosa langu, au ufundi wangu, chagua mwenyewe. Unakumbuka mlivyofika kijijini mna kiu? Paladini wetu, yule mpiganaji mtakatifu, akachota, akanywa kata nzima mbele ya watu wote, akajifuta ndevu, akasema "maji matamu." Mkangoja siku mbili. Hakuugua. Mkasema kisima ni salama, mkaanza kumwinda yule bibi wa watu mwenye paka.

Swahiba, paladini akifika levo ya 3 haugui ugonjwa wowote. Imeandikwa kwenye karatasi yake ya mhusika, kwa mwandiko wake mwenyewe, chini ya doa la mchuzi. Angeweza kuoga kwenye mtaro wa choo na kutoka anaimba. Mmepima maji kwa mtu mmoja tu kijiji kizima ambaye maji hayo hayawezi kumfanya kitu.

Nililosahau ni hili, na naomba radhi kwa dhati: kuwakumbusha kwamba mikono yake nayo inatibu. Katika levo hiyo ana mfuko wa pointi 15, na pointi 5 zinaondoa ugonjwa mmoja. Watatu kwa siku. Ukiongeza wawili wako ni watano, na 40 wangekwisha kwa siku 8. Yeye alizimaliza pointi zote kujitibu mchubuko alioupata alipoanguka kwenye ngazi ya ghala, nami nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nacheka.

Lakini hata hao watano kwa siku wasingekufikisha mbali. Uliyemponya amepona kweli, ila hujamkinga. Jioni kiu ikimshika anarudi kisimani na ndoo yake, na kesho yuko tena kwenye foleni. Mimi nashinda nyuma ya kaunta ya duka la dawa, kwa hiyo foleni ya namna hii naijua. Kuna mama amekuja mara tatu mwezi huu kwa dawa ya kuhara ya mtoto yuleyule. Dawa inafanya kazi kila mara.

Sasa fungua karatasi yako, ukurasa wa nyuma, daraja la kwanza, kule chini ambako hujawahi kutazama. Purify Food and Drink. Najua, ulisema ni uganga wa wapishi. Chakula na maji yote yaliyo ndani ya duara la futi tano kutoka katikati yanasafika, sumu inatoka, ugonjwa unatoka. Na unaweza kuufanya kama ibada: unaongeza dakika 10, hautumii nafasi hata moja. Huwezi kukitakasa kisima chenyewe, kina kirefu na uchafu unatoka chini. Ila ukiwaambia wanakijiji wachote alfajiri, wakapanga ndoo zao zikigusana kukuzunguka, ndoo thelathini zinaenea bila kubanana. Dakika kumi. Wanabeba, wanakuja wengine na zao. Kabla jua halijachoma umenywesha kijiji kizima, na zile nafasi zako mbili bado unazo za wale walio karibu kupofuka.

Kwa walio na uvumilivu kuna njia ambayo haina uganga kabisa. Ua la Eyebright linaota kwenye baadhi ya mabwawa. Mwenye mfuko wa mitishamba analitengeneza marhamu kwa saa moja, dozi moja. Unapaka kabla ya kulala, na dozi ya tatu inamaliza ugonjwa. Wagonjwa 40 ni dozi 120, yaani saa 120 za kusaga na kuchuja. Mwenzenu mwenye mfuko huo alikuwa anacheza karata na walinzi.

Ulisema pia mji mkubwa ungetuma makasisi. Ungetuma, kwa bei. Kitabu cha kanuni cha 2014 kinasema kumwajiri mtu akufanyie uganga wa daraja la kwanza au la pili ni vipande 10 hadi 50 vya dhahabu, na kibarua asiye na ujuzi analipwa vipande viwili vya fedha kwa siku. Kumi za fedha ni moja ya dhahabu. Piga mwenyewe: tiba ya bei ya chini kabisa ni siku 50 za kubeba magunia bila kula. Na Raise Dead, ile ya kumrudisha mfu asiyepita siku kumi, inataka almasi ya dhahabu 500. Hizo ni siku 2,500, karibu miaka saba. Kwa hiyo magonjwa yapo kwenye dunia yetu kwa sababu waponyaji ni wachache, wanachoka, na wanalipwa. Sijabuni lolote hapo.

Wazo lenyewe, kama unataka kujua, nilikuwa nalo tangu niliposoma kisa cha World of Warcraft, mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, cha Septemba 2005. Walileta adui mpya, Hakkar, katika magofu ya Zul'Gurub, akawa anawapulizia wachezaji damu chafu inayoambukiza aliye karibu. Ilikusudiwa ibaki humohumo. Lakini wanyama wanaofugwa na wachezaji waliondolewa humo wakiwa nayo, wakaitwa tena katikati ya miji, na Ironforge na Orgrimmar zikajaa mifupa. Wauza maduka wa mchezo walikuwa nayo bila kufa, wanamgawia kila mteja. Na waponyaji, watu wema kama wewe, wakakimbilia kusaidia: wanamtia mgonjwa uhai, anapata nguvu ya kutembea, anatembea nayo mpaka kwa mwingine. Watengenezaji walijaribu karantini, watu wakaivunja, mpaka ikabidi programu yenyewe irekebishwe. Mwaka 2007 Eric Lofgren na Nina Fefferman wakakiandikia kisa hicho makala katika The Lancet Infectious Diseases, jarida la madaktari kabisa. Mimi nililisoma hilo nikawaza wewe na mikono yako.

Kwenye toleo la kanuni zetu la 2024 wamelitoa neno ugonjwa kwenye Lesser Restoration; siku hizi inataja upofu, uziwi, kupooza na sumu. Sijalipenda. Sisi tutabaki na la 2014 mpaka vitabu vichanike.

Kuhusu Jumamosi: sipaswi kukuambia, lakini njia ya kurudi inapita palepale. Muuza samaki sasa haoni, na hilo bado liko ndani ya uwezo wako, kwa sababu Lesser Restoration inarudisha hata macho yaliyokwisha zimika. Mtoto wa mwenye kinu nimemwacha kwenye pointi nne. Bibi mwenye paka amewafungia mlango na ana haki. Kilichoko chini ya kisima sikuambii hata unilipe.

Njoo na karanga, na dadu zako, ile ya kijani uliiacha chini ya kochi. Ila nakuomba kitu kimoja: paladini usimwambie. Muache aje, achote, anywe tena mbele ya watu, aseme matamu. Nataka niwe nimemkalia uso kwa uso utakapomwomba akusomee kile alichoandika chini ya lile doa.

Wako,
mwenye skrini na dadu za siri