Baada ya harusi je?

Mhariri,

Naandika kuhusu ile ripoti yenu ya ndoa za watu wa LGBTQ, yaani wapenzi wa jinsia moja na wenzao. Imeandikwa vizuri sikatai, ila kuanzia juu mpaka chini ni harusi tu, keki, suti zinazofanana, Uholanzi ilivyoanza kuziruhusu 2001, Afrika Kusini 2006, Taiwan 2019, Thailand 2025, halafu basi. Sasa maisha ya baada ya hapo mbona hamjayagusa?

Maana shida ziko hapo. Watu wawili wamelea mtoto pamoja tangu mchanga lakini sehemu nyingi kisheria mzazi ni mmoja tu, yule aliyezaa, mwenzake hata awe ndo anayeamka usiku kumpa dawa anahesabika mgeni, aliyezaa akifariki ndugu wanaweza kuja kumchukua mtoto wakati hata hawamjui vizuri. Na cheti cha ndoa hakimalizi kila kitu, wakihamia nchi isiyotambua ndoa yao kinabaki karatasi, ndo maana hata Marekani, pamoja na ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2015 iliyoruhusu ndoa hizi nchi nzima, wanasheria bado wanawashauri wazazi wa hivi ambao hawakuzaa waasili mtoto mahakamani, yaani mahakama iwatambue kuwa wazazi wake kisheria.

Naomba mfanye makala nyingine, muwahoji wanasheria wa familia waeleze kuasili, wosia, na hati ya kumpa mwenzako mamlaka ya kuamua matibabu yako ukizidiwa. Na wapenzi wenyewe wasiwasubiri nyie, wosia waandike sasa hivi wakiwa wazima, maana pasipotambulika ndoa yao mali inaenda kwa ndugu wa damu.

Msomaji wenu