Vitini vya Kihispania virudishiwe alama zake

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Vijana wengi huku Arusha wanaotaka kuongoza watalii wanasoma Kihispania, na hilo nalifurahia sana, ila vitini wanavyouziwa vinaniuma roho. Wakati uliopita umechapwa bila zile alama za juu ya herufi, yaani unakuta hable, hablo, comi, badala ya hablé, habló, comí, na ukiuliza unaambiwa aah kialama tu hicho.

Jamani, hablo ni naongea, habló ni aliongea, na kinachozitofautisha ni hicho hicho kialama! Na sisi ndo tunaumia zaidi, kwasababu Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, sasa mtoto asipoonyeshwa alama anazitamka zote sawa, HAblo. Mgeni anaulizia begi lake lililobaki uwanja wa ndege, unataka kumwambia lilifika jana, llegó ayer, ukiweka mkazo mwanzoni anasikia "nafika", anabaki anakukodolea macho.

Uzuri ni kwamba shida iko kwenye maumbo ya "mimi" na "yeye" tu. Chukua vitenzi vya kawaida vinavyoishia na -ar, kama hablar (kuongea), toa hiyo -ar weka é (mimi), aste (wewe), ó (yeye), amos (sisi), aron (wao), alafu vya -er na -ir, kama comer (kula), vinafuata njia moja, í, iste, ió, imos, ieron. Hablaste, hablamos, comieron, zote hizo mkazo uko palepale ulimi wetu ulipozoea, hazina alama na mwanafunzi anazipata siku ya kwanza. Kwahiyo nguvu zote ziende kwa é, ó, í na ió, darasa zima liziseme kwa sauti mpaka zikae. Kwa wageni wa Hispania waongezewe asteis na isteis za "ninyi", wa Mexico na Argentina wao hawazitumii.

Naomba wanaotengeneza hivyo vitini wavichape upya, na waliokwishauza wawape wanafunzi karatasi ya masahihisho bure. Kisingizio cha kibodi hakipo, hata kwenye simu ukibonyeza o bila kuachia ó inatokea hapohapo.

Mwalimu wa Kihispania,
Arusha